Sahani ya Kadzo

Uji wa mtama ukiungua una harufu yake, na mimi harufu hiyo huniondoa kitini. Majuzi nilikuwa kwa jirani yangu hapa Junju, mama mmoja anayelea watoto wa watu nyumbani kwake. Tulikuwa tumeketi barazani tukipiga soga, mara sufuria ikaungua huko nyuma. Akakimbia kuiepua, huku akiendelea kunisimulia kwa sauti kwamba asubuhi ile alimrudisha mama aliyemletea mtoto asiyeweza kutembea. "Nimemwambia nafasi imejaa," akasema. Nikasimama. Nikaketi. Nikasimama tena, nikaaga, na chai yangu sikuimaliza. Tangu siku hiyo nazunguka nyumbani kwangu nikifungua makabati ambayo sitaki kitu ndani yake, kwa hiyo nimeona afadhali niandike.

Mama yangu naye alikuwa akilea watoto wa watu, Malindi, katika nyumba yetu ya ua mpana iliyokuwa nyuma ya soko. Kazi yenyewe haikuwa na jina. Akina mama waliokuja kutoka bara kufanya kazi hotelini, na wengine waliotoka mashambani upande wa Magarini na Marafa, walipita alfajiri wakamwachia watoto, na alasiri wakawapitia. Tulikuwa saba au wanane uani, nami nikiwamo, ingawa mimi nilijihesabu mwenyeji. Nilikuwa darasa la kwanza na shule tulitoka saa sita, na nikishafika nyumbani nilijifanya naibu wa Mama, nikiamrisha huyu aoge na yule afute kamasi. Nilikuwa na kiherehere kisicho na dawa. "Zuhura, hebu keti, wanizungusha kichwa," Mama akiniambia, nami nikiketi kwa muda wa kumeza mate.

Mchana tulikula sinia moja, sote tumelizunguka juu ya mkeka, kila mtu na upande wake. Lakini kabla sinia halijajazwa, Mama alipakua kwanza fungu la Baba. Baba alikuwa fundi cherehani mjini, na alirudi kula saa nane. Fungu lake liliwekwa kwenye sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, likafunikwa kwa kawa, kile kifuniko kilichosukwa kwa ukindi na kuchongoka juu, kisha likapandishwa juu ya kabati. Minofu ya samaki ilikuwa humo. Ukoko ulikuwa wetu. Kwa akili yangu ya wakati ule watu walikuwa wa aina mbili, wa sinia na wa kawa, na hakuna nilichokitaka duniani kuliko kuwa mtu wa kawa.

Kadzo alifika asubuhi moja mgongoni kwa mamake, amefungwa leso mbili, moja kiunoni na moja mabegani. Mamake alikuwa msichana tu, Mgiriama wa Marafa, aliyepata kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya ufuoni. Alisimama mlangoni bila kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Huyu ni Kadzo. Ana miaka mitano. Hawezi kuketi wala kutembea, na kusema bado. Lakini asikia yote, mama. Ukimsema, atajua."

Mama akamtazama mtoto. Kichwa kilikuwa kikiyumba, mate yanamtoka, na alikuwa anacheka. "Na siku hizi wamwacha wapi?"

Yule msichana akatazama chini. "Namfungia ndani kwa kufuli. Nyanyake kule Marafa hana nguvu tena za kumbeba, na mimi nisipofanya kazi hatuli."

"Lete huyo mtoto," Mama akasema, akanyoosha mikono.

Maneno hayo niliyasikia yote, na niliyaelewa kombo. Nyumbani kwetu vilivyofungiwa kwa kufuli vilikuwa vitambaa vya wateja wa Baba na vipuli vya dhahabu vya Mama. Nikajua basi kwamba huyu aliyeletwa ni mtoto wa thamani kuliko sisi. Nikamkodolea macho, na tangu saa ile nikaanza kumchukia.

Siku ya kwanza Mama alimpakata wakati wa chakula, akamsogeza kwenye sinia pamoja na sisi. Mkono wa Kadzo uliingia kwenye wali ukitetemeka, ukachota, na nusu ya kilichochotwa kikaruka hadi kwenye mapaja ya Mutua, mvulana aliyeketi ubavuni mwake. Mate nayo yalidondoka. Mimi sikuona ajabu, kwa sababu hapo mkekani kulikuwa na watoto waliokohoa ndani ya sinia na mmoja aliyejichokonoa pua. Lakini Mutua alikwenda kumwambia mamake. Mama Mutua alitoka Ukambani na alifanya kazi jikoni hotelini, na alikuwa mtu mwema. Ni yeye aliyetuletea vipande vya mkate vilivyobaki kwenye meza za wageni. Kesho yake alfajiri akamsimamisha Mama penye mlango wa uani. Mazungumzo yao sikuyasikia. Mama alinisimulia miaka mingi baadaye, macho yake kwenye mchele aliokuwa akichagua.

"Mama Zuhura, mimi sina ubaya na mtu," Mama Mutua alimwambia. "Lakini huyo mtoto anaangusha mate kwa chakula, na wetu wanakula hapo hapo. Hiyo ugonjwa ikishika Mutua nitaenda wapi?"

"Ule si ugonjwa wa kuambukiza."

"Wewe ni daktari? Tumeongea na wenzangu wawili. Akule kando, ama tutoe watoto wetu."

Mama hakuwa mwoga wa nyoka wala wa giza, lakini aliogopa kusemwa. Aliuona ua wake umebaki mtupu na jina lake likizungushwa sokoni. Akasema haya, atakula kando.

Mimi nilichokiona ni hiki. Mchana ule, baada ya kupakua fungu la Baba, Mama alishusha sahani ya pili ya bati, akapakua tena. Wali ukapondwa ukalainishwa kwa tui, na mnofu wa samaki changu ukatolewa miiba wote. Kisha, kwa kuwa Kadzo angelishwa mwisho, sisi tukishamaliza, na inzi walikuwa wengi, Mama akachukua kawa la pili akaifunika ile sahani, akaiweka juu ya kabati ubavuni mwa ya Baba. Makawa mawili kando kando. Nilisimama pale nikayatazama hadi Mama akaniuliza kama nimeona jini.

Nimewahi kuona wivu mwingine maishani, wa mume na wa kazi na wa nyumba za watu, lakini haujafikia ule. Sisi tulipolazwa mkekani mchana, Mama alimbeba Kadzo hadi pembeni mwa ukumbi, akamwegemeza ukutani juu ya mto, akamlisha polepole kijiko kwa kijiko huku akimwambia, "Meza, mama. Haya, meza, kipenzi." Alimwita mama. Alimwita kipenzi. Mimi aliniita Zuhura, na mara nyingi kwa ukali. Nilijigeuza na kujigeuza mkekani hadi nikamwamsha mtoto aliyelala ubavuni mwangu.

Alasiri mamake Kadzo alikuja mikono imechakaa kwa sabuni, akauliza swali lile lile kila siku. "Amekula?"

"Amekula vizuri, na wenziwe," Mama akajibu.

Hilo nalo nililisikia. Nilidhani Mama anaficha ule upendeleo kwa adabu, asije akaonekana anambagua mtoto mmoja kwa kumpenda zaidi.

Siku ya nne au ya tano, muuza mboga alipiga hodi wakati Mama yumo katika kulisha. "Zuhura, njoo mtazame huyu, nisije nikakosa mchicha," akasema, akatoka. Nikafika pale pembeni kwa hatua mbili. Sahani ilikuwa mbele ya Kadzo, imebanwa na ukuta wa pili, na mahali penyewe palikuwa pa kubana, hapana nafasi ya watu wawili kuketi. Nikamvuta Kadzo mbele, nikajipenyeza nyuma yake, nikamweka katikati ya miguu yangu, mgongo wake kifuani kwangu, ili mkono wangu upite kwapani mwake ufikie ule mnofu. Wallahi sikuwa na nia nyingine ila kula.

Nilikula matonge mawili. La tatu nilikuwa nimelishika, mara mkono wa Kadzo ukaja juu ya wangu. Tonge likaenda kinywani mwake. Alitafuna. Alimeza bila kukohoa, yeye ambaye akilishwa ukutani kila kijiko kilimpalia. Nilihisi koo lake likishuka na kupanda kwenye mkono wangu, na kichwa chake, ambacho siku zote kilikuwa kikiyumba, kimetulia chini ya kidevu changu. Akacheka, na kicheko chake kikanitingisha tumbo. Nikamwambia nyamaza, Mama atasikia. Akacheka zaidi. Tukaimaliza ile sahani, yeye lake na mimi langu, na Mama aliporudi na mchicha alinikuta nimekaa mbali nikijipangusa, na sahani nyeupe.

"Umemlisha wewe?"

"Amekula mwenyewe," nikasema, na haikuwa uongo wote.

Kuanzia hapo Mama akaniachia mimi kumlisha, nami sikutulia tena. Darasani nilikuwa nikihesabu muda umebaki kiasi gani. Siri niliificha siku mbili tu, maana siri na mimi hatukai nyumba moja. Nikamwambia Mutua kwamba nimekula kwenye sahani ya kawa, na Mutua hakulala mchana ule. Alikuwa na golori moja ya rangi ya maziwa aliyoipenda kuliko macho yake, akanipa nimwachie zamu. Nikamwonyesha namna ya kuketi, magoti juu, Kadzo katikati, kidevu hapa, mkono pale. Wengine nao wakataka. Nikapanga foleni mkekani, na aliyegombana nilimrudisha nyuma. Kadzo alitujua sote. Kwa Mutua alikula haraka, kwangu alipenda mchezo, na kulikuwa na mtoto mmoja mdogo wa Kijaluo ambaye alikuwa hawezi kumshika vizuri, kwa hiyo wote wawili wakaangukia ubavu wakala wakiwa wamelala.

Mama alituona. Sikujua wakati ule, lakini alinieleza: alisimama mlangoni, mwiko mkononi, akatutazama kwa kitambo kizima, kisha akarudi jikoni. Aliona mtoto anakula bila kupaliwa. Aliona pia kwamba ahadi aliyompa Mama Mutua imevunjwa na watoto wenyewe, na akatumaini hakuna mkubwa atakayeuliza.

Kisha Mutua akashikwa na homa. Ilikuwa malaria tu, kila mtu Malindi aliipata msimu wa mvua, lakini katika kuweweseka akataja Kadzo na sahani. Mama Mutua alikuja alasiri hajavua sare ya kazi. Na bahati mbaya ikawa siku hiyo mamake Kadzo ameruhusiwa mapema. Alikuwa uani tayari, anafunga leso. Sisi watoto tulikuwa tumejaa pale pale.

"Mtoto yangu ako na homa siku ya tatu," Mama Mutua akamwambia Mama. "Anasema amekula sahani moja na huyu. Ni ukweli?"

Mama akafungua kinywa, na kabla hajajibu mamake Kadzo akaingilia, kwa upole kabisa, "Lakini mama, si ni watoto. Si hula pamoja kila siku?"

Mama Mutua akamtazama Mama. Mama akatazama mlango wa jiko. Nami nikaona watu wazima watatu wameshindwa na jambo ninalolijua mimi. Nikajitokeza mbele.

"La," nikasema. "Kadzo hali na sisi. Sisi hula sinia. Kadzo ana sahani yake peke yake, na yafunikwa kawa kama ya Baba, na hukaa pale pembeni peke yake, na hula mwisho." Foleni yetu sikuitaja; nilisema kwa fahari, kama mtu anayetaja sifa za bibi harusi. Nilidhani yule mama atafurahi kujua mwanawe anavyotukuzwa.

Mamake Kadzo alimalizia fundo la leso, akalivuta likakaza, akamweka Kadzo sawa mgongoni. Alipofika mlangoni aligeuka akamwambia Mama, "Ulisema na wenziwe." Basi. Akaenda.

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na mimi nikamfuata nikiuliza nimesema nini, nimekosa nini, hadi akaniambia. Aliniambia kwa maneno machache, akiwa amenipa mgongo, kwamba kawa la Baba lilikuwa la heshima na la Kadzo lilikuwa la kumtenga, na kwamba aliyemtenga ni yeye. Nilitoka nikaenda kukaa chooni, mahali pekee penye mlango wa kufunga, na niliona haya mwili mzima, hadi nyayo.

Kesho yake Kadzo hakuletwa. Wala kesho kutwa. Mama alikuwa akisimama mlangoni alfajiri baada ya watoto wote kufika, akitazama njia. Jumapili, siku ambayo hakupokea watoto, alijifunga buibui akaniambia twende. Tulikwenda kwa miguu hadi Maweni, kwenye vyumba vya kupanga vilivyofuatana kama mabehewa. Hoteli hazina Jumapili. Mlango wa mamake Kadzo ulikuwa umefungwa kwa nje, na kufuli lake lilikuwa kubwa kuliko mkono wangu.

"Kadzo?" Mama akaita.

Ndani ikajibu sauti, ile ya kucheka. Mama alishika ukuta, akajiteremsha taratibu hadi akaketi mchangani na buibui lake safi.

Dirisha lilikuwa juu, dogo, lina wavu. Nikageuza debe lililokuwepo pale, nikapanda. Kadzo alikuwa amelala sakafuni juu ya mkeka. Kikombe cha uji wa mtama kilikuwa kimepinduka karibu yake, uji umekauka, na chumba kizima kilinuka uji ulioungua. Kiunoni alikuwa amefungwa leso, na pindo la pili la leso limefungwa kwenye mguu wa kitanda. Lilikuwa fundo la upole, limewekewa kitambaa chini yake lisimchubue, asije akabiringika hadi penye jiko. Aliniona. Mikono yake yote ikapaa.

"Yukoje?" Mama akaniuliza kutoka chini.

"Amefungwa," nikasema. "Yuwacheka."

Mama hakuniambia tuondoke. Nilikaa juu ya debe lile, nikashuka, nikapanda, nikazunguka nyumba kutafuta tundu jingine, nikarudi. Nilimkunjia uso, nikamtolea ulimi, nikamwimbia nyimbo zote za shule nilizozijua. Nilijaribu kupitisha kipande cha mkate kwenye wavu kikaanguka mbali naye, na nikalia kwa hasira, naye akacheka akidhani nafanya mchezo. Jua lilitoka upande mmoja wa paa likaenda upande wa pili. Majirani walipita wakasalimu, na Mama akawaitikia palepale chini.

Mamake Kadzo alitokea na kibeti chake kwapani. Alipotuona alipunguza mwendo. Hakutuamkia. Akapita katikati yetu, akafungua kufuli, akaingia, akafungua lile fundo, akatoka na mwanawe akaketi naye kizingitini.

"Nimekuja kukuomba radhi," Mama akasema. "Nilikudanganya. Mama wenzio waliniambia nimtenge ama watoe watoto wao, na sikuwa na moyo wa kukataa, wala sikuwa na moyo wa kukwambia."

Yule alikuwa akimpangusa Kadzo uji uliomkaukia shavuni. Kisha akaniinulia macho mimi.

"Na wewe. Siku ile wasema sahani kama ya baba. Ulikuwa ukimcheka mwanangu?"

"Hapana."

"Ulikuwa wafanya nini?"

Nilimtazama Mama aniokoe, na Mama hakuniokoa. "Nilikuwa namwonea wivu," nikasema.

"Wivu?"

"Wa sahani. Na wa kuitwa kipenzi. Nilitaka niwe yeye."

Akamsogeza Kadzo kifuani. "Tangu nimzae," akasema polepole, "watu wamemwonea huruma. Babake amemwonea haya. Wivu hajaonewa na mtu." Akainamisha uso kwenye nywele za Kadzo, na mabega yake yakatikisika, na mpaka leo sijui alikuwa akilia au akicheka. Kadzo alikuwa akicheka.

Alipoinua uso alizungumza na Mama, si na mimi tena. "Kesho nitamleta. Lakini ale na wenziwe kweli."

"Atakula nao."

"Na wale mama wakitoa watoto wao?"

Mama alijipangusa mchanga kwenye buibui.

"Na wawatoe," akasema.

Kesho yake watoto watatu hawakuletwa. Kadzo aliletwa.